Nguzo ya Nyumba ya Fikirini

Naima, jirani yao, anadai aliisikia nguzo ya kati ikianguka alfajiri, yeye akichochea moto wa uji. Haikutoa kishindo, anasema. Ilimwagika kama pumba. Mchwa walikuwa wameianza tangu masika ya mwaka juzi, na tangu hapo mama yake Somoe alikuwa akimwomba mumewe akate nyingine. Fikirini alijibu kwamba akimaliza kupulizia dawa mikorosho, ataenda.

Mti hakuleta. Alileta maneno. Siku moja kabla ya nguzo kuanguka, kwenye sherehe ya kumtoa mwali unyagoni kwa shemeji yake, alisimama mbele ya wakwe akasema, "Huyu mke wangu ndiye nguzo ya nyumba yangu." Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Somoe akainamisha macho, akaendelea kupakua wali.

Somoe alipoamka asubuhi ile nguzo ilipoanguka, alimkuta mama yake amesimama katikati ya nyumba, boriti kichwani, nyayo zimezama ardhini mpaka vifundoni. Akamwamkia shikamoo. Mama akaitika marahaba, akamwagiza awahi bombani, maana maji ya Newala hayamsubiri mtu.

Majirani walikuja, wakasifu jinsi paa lilivyonyooka. Mwalimu Ladislaus, aliyemfundisha Somoe mpaka darasa la saba, alimzunguka mama yule taratibu.

"Mzee angesema 'kama nguzo', ingekuwa tashbihi," alisema kwa upole. "Tashbihi humwachia mtu nafasi. Jioni angekaa. Lakini mzee katumia sitiari, mwanangu."

Somoe alikuwa amelipata swali la tofauti hiyo kwenye mtihani.

Msimu wa korosho ukaingia. Somoe aliokota korosho peke yake, akirudi anamlisha mama uji, anamkanda mabega. Fikirini naye akazoea. Koti alilitundika kwenye bega la mkewe, tochi mkononi. Mama alifumba vidole isije ikaanguka.

Jioni moja, akimwosha miguu, Somoe aliona njia nyembamba ya udongo mbichi imepanda kutoka kifundoni. Aliikwangua kwa ukucha. Asubuhi ilikuwa imerudi, imefika gotini.

"Mwambie baba yako," mama alisema, "nimechoka kidogo."

Fikirini aliporudi shambani, Somoe alipiga magoti mlangoni.

"Baba, mchwa wamempanda mama. Nakuomba ukakate mti."

Fikirini alivua kofia, akanyoosha mkono bila kutazama. Mama akainua kidole, akaipokea.