Mipira ya Mwaka Sitini na Sita

Mume wangu Emil ana akili timamu kwa mambo yote isipokuwa moja, na hilo moja lilikaa gerejini kwetu. Lilikuwa gari jekundu la mwaka sitini na sita, milango miwili, lenye injini kubwa kuliko haja ya mtu yeyote. Alilikuta limeoza kwa kutu kwenye banda la mkulima, akaapa kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani. Mimi nikadhani maana yake ni kulifanya lipendeze.

Kumbe wenzake wa klabu ya magari ya kale, wanaoyashindanisha kwenye maonyesho, hawataki gari lipendeze, wanataka liwe lilelile. Enzi zile wafanyakazi wa kiwandani walipaka rangi mbiombio, ikachuruzika chini ya bodi. Basi Emil naye alilala chali akichuruzisha rangi makusudi, halafu akaifuta na kuanza upya kwa kuwa haikuchuruzika ipasavyo.

"Hata makosa unayatengeneza?" nilimcheka.

"Marlene, makosa ndiyo yenye pointi."

Kicheko kilinikauka siku alipoingia jikoni na boksi la karatasi lililopauka, amelibeba kama mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na mipira mitatu ya breki, ile mifupi inayopitisha mafuta ya breki kwenda magurudumuni. Ilitengenezwa mwaka uleule wa gari, ina mstari mwekundu na tarehe ya kiwanda, na haikuwahi kufungwa kwenye gari lolote. Kaka yangu Regis, fundi wa mabasi ya shule, alikuwa mezani anakunywa kahawa. Akachukua mpira mmoja, akaukunja.

"Shemeji, huu umekufa. Tazama nyufa."

"Umekufaje na haujatumika hata siku moja? Ni mpya."

"Mpya wapi! Mimi, wewe na huu mpira ni rika moja. Wewe ukiamka asubuhi magoti hayakulalamikii?"

"Magoti yangu hayakukaa kwenye boksi."

"Sikiliza, Emil, sasa sifanyi mzaha. Magari ya leo breki zake zina njia mbili za mafuta, hilo lako lina moja. Mpira mmoja ukipasuka umebakiwa na honi tu."

"Gari linapanda trela, linashuka uwanjani, linapanda trela tena. Litakwenda wapi?"

Regis akaelekeza kidevu dirishani, kwenye mteremko. Nyumba yetu iko juu kabisa ya kilima. Barabara inashuka moja kwa moja hadi mtoni, na kule chini inakutana na njia kuu ambako malori ya kokoto hupita kutwa. Niliingiwa na woga. Nilijiona mjinga kuogopa gari lisilokwenda popote, lakini woga wenyewe haukunitoka.

Emil akaifunga ile mipira. Msimu wa kuwinda kulungu ulipofika akaenda msituni na bunduki yake, nami nikampigia Regis simu. Akaja, akaitoa yote mitatu na kufunga mipya ya dukani. Ile ya zamani nikairudisha ndani ya boksi lake na kulificha nyuma ya mapambo ya Krismasi. Majira ya baridi yale nililala vizuri.

Kiangazi waamuzi wa maonyesho waliingia chini ya gari na tochi zao. Wakaona mipira isiyo na mstari mwekundu, wakakata pointi, na kombe likaenda kwa mtu mwingine, tena wa kutoka jimbo jingine, Ohio. Tulipofika nyumbani Emil alizima injini ya pikapu, akabaki ameshika usukani.

"Nani kaingia gereji yangu?"

"Mimi. Na ningeingia tena."

Nilitegemea apige kelele, maana dawa ya kelele zake naijua. Hakupiga. Alisema, "Sawa, Marlene," akaingia ndani akanawa mikono, na tangu siku hiyo akawa mpole kupita kiasi. Alikuwa akiosha vyombo, ananiuliza kama nimechoka. Ule upole ulinitisha, lakini harusi ya binti yetu Janelle ilikuwa imekaribia na sikuwa na nafasi ya kuchunguza upole wa mtu.

Ijumaa ya kuamkia harusi jikoni hapakuwa na pa kuweka mkono. Kwetu harusi bila meza ya biskuti si harusi, na shangazi wote wa pande mbili walikuwa wameleta sinia zao. Nilikuwa nazipanga niliposikia injini ikinguruma uani mpaka vikombe vikatikisika kabatini. Nikachungulia dirishani. Janelle alikuwa kwenye usukani wa lile gari jekundu, anacheka, ananipungia mkono.

"Mama! Baba kaniachia! Nakwenda nalo kanisani kwenye mazoezi ya harusi!"

Nikampungia. Mungu anisamehe, nilimpungia mkono na kucheka naye.

Emil akaingia kwa mlango wa nyuma, uso unang'aa, akadokoa biskuti moja.

"Hiyo ni ya kesho," nikamwambia. "Na wewe uliyekuwa unakataza hata kulipumulia, leo umempa ufunguo?"

"Zawadi ya harusi. Nimetaka alipate likiwa kamili." Alitafuna taratibu. "Sasa hivi halina kasoro hata moja. Boksi langu nililiona siku nyingi, nyuma ya mapambo yako. Juzi nimerudishia mipira yangu."

Sinia ikaniponyoka. Yeye akatazama biskuti zilizotapakaa sakafuni, kisha akanitazama usoni, na nikaona anaanza kuelewa.

"Nimeijaribu," akasema. "Nimekanyaga breki gerejini, Marlene. Ilishika."

Nilikwisha kutoka nje. Alinifikia kwenye pikapu, akashika usukani, tukashuka kilima, mimi nikipiga simu ya Janelle na kupiga tena. Haikupokelewa. Kule chini magari yalikuwa yamesimama pande zote mbili. Lori la kokoto lilikuwa limekingama njiani, dereva wake amekaa ukingoni, kofia mkononi, na chini ya ubavu wa lori palionekana nusu tu ya kitu chekundu. Watu wawili wakanishika mabega nisisogee karibu.

Emil alisimama katikati ya barabara. Alikuwa anatazama lami tuliyoshukia, kuanzia mtoni hadi juu kilimani, anatafuta alama za matairi. Hapakuwa na hata moja.

"Kwa nini hakukanyaga breki?" akaniuliza, kwa sauti ya mtoto. "Marlene, kwa nini hakukanyaga?"

"Alikanyaga, Emil," nikamjibu. "Alikanyaga mpaka chini."