Mbavu za Mheshimiwa

Kazini walimwita Mheshimiwa, wala si kwa cheo. Shingo yake haikugeuka. Ukimwita kwa nyuma aligeuka mzima mzima, mabega, kiuno na miguu, taratibu kama mtu anayepigwa picha, na wenzake pale chuo cha udereva wakaona jina limempata mwenyewe. Hakukasirika. Alikuwa mwalimu wa udereva, na ugonjwa wa uti wa mgongo ulimwanza akiwa na miaka ishirini na kitu: viungo vinavimba kwa ndani, vinakaza, mwisho mfupa unashikana na mfupa. Sasa alikuwa anakaribia arobaini. Gari lake la kufundishia alilifungia vioo vya ziada vya kutazamia nyuma kila upande, akajigamba kwamba anaiona barabara kuliko wenye shingo za bundi.

Asubuhi, kabla mwili haujalegea, mkewe ndiye aliyemvalisha soksi. Mke huyo alikuwa mwalimu wa hesabu. "Lete mguu, mheshimiwa wangu," alikuwa akisema, na wote wawili wanacheka.

Mwaka mmoja nyuma, daktari wake wa viungo, mama asiyependa maneno mengi, alimwambia jambo jipya. Ule uvimbe, alisema, haukai mgongoni tu. Unazunguka na damu, unaichubua mishipa kwa ndani, mafuta yanapata pa kunasa, na mtu ambaye bado kijana anajikuta na mishipa ya mzee. Alitaka wapime mafuta kwenye damu, waiangalie presha kila akija, na sigara aiache kabisa.

"Daktari, kinachonitesa mimi ni mgongo. Moyo wangu mzima."

"Umejuaje?"

"Niangalie. Kitambi changu kiko wapi?"

Daktari hakucheka. Alimwandikia vipimo, na Mheshimiwa akaahidi kurudi wiki ile ile. Hakurudi. Mambo ya moyo aliyaona ni ya wanene na wazee, naye alikuwa mwembamba kama ufito. Mkewe alipomuuliza daktari kasemaje, alijibu, "Kakusalimia."

Kisha kikaja kitu kifuani. Walikaa ghorofa ya tatu, na kila akipanda ngazi kifua kilimbana kama mtu amemkalia; akisimama kupumzika, kinaachia. Alijua ugonjwa wake hufika hata kwenye mbavu, basi lawama zote akazitupia mbavu. Siku moja mkewe alimkuta amesimama katikati ya ngazi, mkono ukutani, jasho linamchuruzika.

"Nini tena?"

"Mbavu. Zimeamka vibaya leo."

"Mbavu gani hizo zinazotoa jasho?"

"Za mheshimiwa," akasema, na mzaha ukamvusha. Alimeza vidonge vya maumivu, akavuta sigara yake kwa siri nyuma ya gereji ya chuo, akaendelea na kazi.

Siku yenyewe ilipofika, mwanafunzi wake alikuwa mjane wa makamo, muuza vitambaa, ambaye mumewe alimwachia gari na hofu ya kuliendesha. Walikuwa peke yao kwenye uwanja wa mazoezi, mama anajifunza kurudi nyuma kati ya vigingi.

"Mwalimu, mbona umenyamaza? Nimegonga?"

Mheshimiwa alikuwa ameshika taya. Maumivu yalianzia kifuani, yakapanda hadi menoni, yakateremka mkono wa kushoto mpaka kidole cha mwisho. Shati lilikuwa limelowa chepechepe. Akajiambia ni mbavu. Kisha akafungua mlango, akatapika, na hapo hata yeye akashindwa kujidanganya.

"Mama," alisema, "nipeleke hospitali."

"Mimi? Mimi barabara kubwa sijawahi kuingia."

"Leo unaingia. Klachi chini. Gia ya kwanza. Achia polepole."

Gari likaruka kama mbuzi, likakaa sawa. Kwenye makutano mama alisimama, vidole vimeganda kwenye usukani.

"Kulia kuna nini?" Mheshimiwa aliuliza. "Mimi siwezi kugeuka."

"Lori."

"Liache lipite. Sasa nenda."

Akaenda. Mheshimiwa alimfundisha kwa pumzi aliyobaki nayo, kwanza sentensi, halafu maneno mawili, halafu neno moja. Pili. Tatu. Kisha hata hilo moja likakatika. Akamsikia mama kwa mbali akiuliza, "Mwalimu, niendelee na hii hii ya tatu?" Alitaka kujibu, ulimi ukakataa kuinuka. Mama akaweka mkono kwenye honi na hakuutoa mpaka lango la hospitali, ambako alisahau klachi na gari likazima kwa kishindo.

Daktari wa zamu, kijana mpole, aliuangalia umri wake, akasikia habari za mgongo, akasema, "Huenda ni mbavu." Yalikuwa maneno ya Mheshimiwa mwenyewe, na kuyasikia kinywani mwa mtu mwingine kulimtisha kuliko maumivu. Alitikisa kichwa kwa namna shingo yake ilivyomruhusu. Walipompima umeme wa moyo, yule kijana aliitazama karatasi, akaita wenzake, na watu wakaanza kukimbia.

Mshipa uliokuwa umeziba waliuzibua. Lakini sehemu kubwa ya moyo ilikwisha kufa, na nyama ya moyo ikifa haioti tena.

Siku ya pili daktari wa viungo alikuja, akasimama miguuni pa kitanda. "Nilikueleza mara moja tu," alisema. "Ulipokosa kuja, nilipaswa kukutafuta."

"Usijilaumu, daktari. Nilikusikia vizuri sana."

Mkewe, aliyekuwa amekaa pembeni, aliinua uso. "Ulisikia nini?"

Akamweleza yote, na za sigara pia. Alipomaliza, mkewe akakunja khanga yake, akatoka, na hakurudi mpaka jioni.

Kufundisha udereva alikatazwa. Ngazi hakuziweza tena, wakahamia chumba cha chini nyumbani kwa shemeji yake. Miguu ilivimba, na kutembea mpaka bafuni kulimchosha kama safari. Wenzake walikuja mara moja, wakaleta matunda, wakaaga mapema.

Mchana mmoja mkewe alikuwa mezani, anasahihisha mitihani. Bila kugeuka akauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unanivalisha soksi. Nikaona nikikuongezea na moyo, utanichoka."

"Nimechoka kweli," mkewe alisema. "Lakini nimechoka na ule uongo. Wewe sijakuchoka."

Akarudi kwenye karatasi zake. Mheshimiwa alilala kwenye mito yake mitatu, akisikiliza kalamu ikikwaruza. Baada ya muda aligundua kwamba kila pumzi yake ikiwa ndogo sana, kalamu inasimama, mkewe akitega sikio. Basi akawa anakohoa kidogo, makusudi, ili iendelee.