Maji Yaliyopumzishwa

Kila jioni, kabla ya kufunga kioski, binti mmoja aliyeitwa Kimya alifungua koki na kujaza mapipa matatu mpaka shingoni, kisha akayaacha wazi hadi asubuhi. Kazi hiyo alifundishwa na shangazi yake, na shangazi mwenyewe aliifanya miaka kumi na tisa kabla goti halijamgomea.

"Maji ya bomba yanafika hapa yamechoka," shangazi alimwambia siku alipomkabidhi ufunguo. "Yamekimbizwa njia nzima, yamemwagiwa madawa, hayajapata hata pa kuvuta pumzi. Yapumzishe, mwanangu. Ukimpa mtu maji yaliyochoka, utamsikia."

Na kweli, kila asubuhi harufu ya dawa ilikuwa imekwisha, hata ukiingiza pua yote kwenye pipa. Watu walipita vioski viwili wakiwa na ndoo zao tupu ili wafike kwake. Kinyozi, ambaye duka lake liko mwisho kabisa wa mtaa, alikuwa akisema maji ya kwingine ni sawa na kunywa hospitali kwa kikombe.

Jina la Kimya alipewa na wateja hao hao. Ungeweza kujaza madumu manne huku ukimsimulia ugomvi wa nyumbani kwako tangu kikombe cha kwanza kuvunjika, naye akakujibu "haya" tu. Lakini wiki iliyofuata angekuuliza kama vikombe vingine vimepatikana. Alikuwa mtu wa kutazama.

Basi siku moja akaja dada mmoja kutoka ofisi ya usimamizi wa maji, kavaa kitambulisho shingoni na kubeba karatasi kwenye ubao. Alisema anakusanya maoni ya wananchi. Akaanza na Mama Pacha, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Mama, maji unayochota hapa yana harufu?"

"Harufu ya nini? Ningekuwa hapa?"

"Yana rangi?"

"Hayana."

"Unaridhika nayo kiasi gani?"

"Andika kwamba nikinywa haya namsahau hata mume wangu."

"Hapa hakuna nafasi ya hilo, mama."

"Basi weka hiyo ya 'sana'. Lakini ujue umenipunja."

Foleni nzima ikacheka, na foleni nzima ikaridhika sana. Yule dada akajaza karatasi kumi na mbili, akashukuru, akaenda zake. Kimya akajisikia vizuri, ingawa hakusema.

Siku tatu baadaye akaja mtu mwingine kutoka ofisi ile ile. Huyu alikuwa mwanamume wa makamo, na mkononi ana kisanduku kama cha fundi saa. Kimya akamwamkia shikamoo, naye akaitikia huku akitoa vichupa viwili vya kioo. Alikuwa mpimaji.

Akachota kidogo kutoka kwenye pipa, akadondosha kidonge kidogo, akafunga, akatikisa. Watu wakasogea. Hakuna anayeacha kitu kama hicho kimpite. Mpimaji akainua kichupa juani, na maji yakabaki kama yalivyokuwa, angavu, huwezi kujua kama kuna kitu humo.

"Meupe pe!" akapiga kelele Kinyozi, na wengine wakapiga makofi. "Si tuliwaambia?"

Mpimaji hakupiga makofi. Alichota kichupa cha pili, hiki akakinga moja kwa moja kwenye koki. Kidonge, funga, tikisa. Maji yakageuka pinki mbele ya macho yao, pinki ya ua.

Mama Pacha akavuta ndoo yake nyuma kwa mguu. "Mungu wangu, angalia sumu hiyo!"

"Hapana, mama," mpimaji akasema. "Hii ya pinki ndiyo nzuri. Ile nyeupe ndiyo mbaya."

Kicheko kikapasuka.

"Baba," Kinyozi akauliza kwa upole wote, "macho yako yalipimwa lini mara ya mwisho?"

Mpimaji alikuwa ameyazoea hayo, ilionekana usoni. Akamgeukia Kimya kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa hacheki. "Binti, dawa inayonuka ni mlinzi. Tunamtuma aje na maji mpaka kwa mnywaji. Wewe unayaacha wazi, mlinzi anaruka na hewa anaondoka. Kitu chochote kikiingia humo usiku, hakuna wa kukizuia. Pinki maana yake mlinzi yupo. Hapa kwenye pipa hayupo."

"Na kama hakuna kilichoingia?" Kimya akauliza.

"Basi una bahati. Mimi siandiki bahati." Akaandika alichoandika, akaondoka.

Barua mbili zilifika siku moja, zimeletwa na mjumbe mmoja, na juu kila moja ina mhuri ule ule. Kimya aliishia darasa la saba, na barua za ofisi alizisoma kwa kidole, neno kwa neno. Ya kwanza ilimpongeza: kwa maoni ya wananchi, kioski chake ndicho chenye maji bora katika eneo zima. Ya pili ilimwonya: maji yake hayakufikia kiwango, atapimwa tena baada ya siku saba, na akishindwa mara ya pili ufunguo utarudishwa ofisini. Zote mbili zilimalizia kwa maneno yale yale, kwamba ibandikwe mahali ambapo wateja wataiona.

Alisoma tena, safari hii akianza na ya pili, labda mpangilio ungesaidia. Haukusaidia. Akazibandika zote mbili ubavuni mwa kioski, moja kando ya nyingine.

"Sasa hapa tumefaulu au tumefeli?" Mama Pacha akauliza.

"Tumefaulu," Kinyozi akasema. "Hiyo nyingine ni ya wivu."

"Wivu una mhuri?"

 Kimya alijua jambo moja tu: kioski kile ndicho kilichowalisha yeye na shangazi. Akiendelea kuyapumzisha maji, ofisi inachukua ufunguo. Akiacha, wateja wanakwenda, na ufunguo usiofungulia mtu si ufunguo. Kesho yake akamwachia Mama Pacha kioski kwa saa mbili, akaenda ofisini.

Ofisi yenyewe ilikuwa na ukumbi mrefu. Chumba cha maoni kilikuwa kushoto, chumba cha vipimo kulia, milango ikitazamana. Akaingia kushoto kwanza.

Yule dada alimkumbuka. "Hongera! Umewapita wote."

"Asante, dada. Ila mwenzako wa pale amesema maji yangu mabaya."

Dada akachungulia mlango wa pili kama anauona leo. "Hilo silijui. Mimi sipimi maji, napima watu. Watu wako wameridhika."

"Kwa hiyo niendelee hivyo hivyo?"

"Ukibadilisha, wataridhika kweli?"

Akavuka ukumbi. Mpimaji alikuwa anaosha vichupa.

"Shikamoo baba. Hapo ng'ambo wamenipongeza."

"Marahaba. Nimesikia. Ng'ambo hawana vidonge."

"Nimsikilize nani sasa?"

"Mimi nina uwezo wa kuchukua ufunguo," akasema, na hakulisema kwa ubaya. "Uza ya kwenye koki, moja kwa moja. Sheria yangu inaishia hapo kwenye koki. Maji yakishaingia kwenye ndoo ya mtu na mtu akaondoka nayo, siendi kumfuata nyumbani; mwambie tu ayafunike, ayanywe siku hiyo hiyo."

Alirudi akitembea polepole. Alikuwa amekwenda na swali moja, sasa ana mawili.

Jioni alimweleza shangazi yote, hadi rangi ya kichupa. Shangazi alikuwa ameketi kitandani, goti limefungwa kitambaa. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe chake bila kunywa.

"Miaka kumi na tisa," akasema mwishowe. "Miaka kumi na tisa nimewanywesha watu uchafu, ndicho unachoniambia?"

"Sijasema hivyo, shangazi."

"Umekuja na maneno ya mtu wa vichupa. Wewe ulikua kwa maji hayo. Ulikufa?"

"Sikufa."

"Basi."

Kimya akasema "haya" na kwenda kuosha vyombo. Lakini kichwa hakikutulia. Alikumbuka mwaka ule pacha wa Mama Pacha walipoharisha wiki nzima, mama yao akawa anachota maji huku analia. Wale walikunywa ya kwake. Kisha akakumbuka mtoto wa fundi cherehani, aliyeharisha wiki ile ile, na fundi hajawahi kuchota kwake hata siku moja. Kila alichokipata kichwani kilikuja kimeshikana mkono na kinyume chake.

Asubuhi, kabla ya wateja, aliingiza mkono kwenye pipa la katikati na kupitisha vidole kwenye ukuta wake, chini ya maji. Palikuwa na utelezi, kidogo sana, kama jani bichi. Akapitisha kwenye pipa la pili: utelezi. Alikuwa akiyasugua kila Jumamosi kama alivyofundishwa, na leo ni Ijumaa. Je, huu utelezi ulikuwepo kila Ijumaa? Hakuwahi kuingiza mkono siku ya Ijumaa. Kwa nini mtu aingize?

Alisimama pale mkono ukidondosha maji. Halafu akayamwaga mapipa yote matatu, akayasugua, akayapindua kifudifudi juani. Zilikuwa zimebaki siku tano apimwe tena.

Kinyozi alifika wa kwanza. Kimya akamkingia ndoo kwenye koki. Kinyozi akainama, akanusa, akanyooka taratibu.

"Kimya. Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea."

"Mbona unatuadhibu?"

Foleni ikaanza kunusa mmoja mmoja, kama watu wanaotafuta waya unaoungua. Wawili wakabeba ndoo zao wakaelekea kioski cha chini, ambako, walisema, mwenye nacho ameisoma ile barua ya pongezi na tangu juzi anayaacha mapipa wazi. Kimya aliwatazama wakipinda kona.  Akafungua mdomo, akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kusema pale siku moja.

"Pale kwenye pipa nimeweka mkono nimekuta utelezi. Sijui ni wa nini. Mpimaji anasema dawa inalinda, shangazi anasema dawa inachosha, nyie mnasema inanuka, na wote naona mnasema kweli. Mimi ufunguo huu wakiuchukua sina pa kwenda. Kwa hiyo nauza ya kwenye koki. Mkifika nayo nyumbani yafunikeni, myanywe leo leo. Ndivyo alivyosema mpimaji."

Watu walimtazama kana kwamba koki ndiyo imezungumza.

"Na nikifika nyumbani nisipoyafunika?" Mama Pacha akauliza.

"Nyumbani kwako ni kwako, mama. Ila mimi nimekuambia."

Mama Pacha akafikiri, akainua ndoo kichwani. "Kumbe neno ni hilo tu. Kina mama, tutayapumzisha wenyewe!"

Na ndivyo walivyofanya, karibu wote. Kimya aliwaita, akarudia habari ya kufunika, lakini walikuwa wameshapata jibu lao na hawakutaka lingine. Ndani ya siku mbili, foleni ilirudi karibu kama zamani. Huko ndani ya nyumba, kila mtu akawa na ndoo yake wazi pembeni. Hata shangazi aliomba jagi lake liachwe bila kifuniko, na Kimya akaliacha, kando ya jagi lake mwenyewe lililofunikwa kwa sahani.

Siku ya saba mpimaji akaja. Kidonge, funga, tikisa: pinki. Hakuna aliyepiga makofi. "Umefaulu, binti," akasema, akaing'oa ile barua ya onyo kwa mkono wake.

Kabla hajafika kona, dada wa maoni akaja upande mwingine. Ilikuwa zamu ya kuuliza tena.

"Maji ya hapa yana harufu?"

"Tukinywa hayana," akasema Kinyozi.

Dada akaweka alama: hayana.

"Mnaridhika?"

"Sana."

Kimya alikuwa akitazama kalamu. Ufunguo ulikuwa mfukoni, umepona. Wateja walikuwepo. Vyumba vyote viwili vya ofisi vilikuwa vimeridhika kwa pamoja kwa mara ya kwanza. Na utelezi ule, kama kweli ulikuwa kitu, ulikuwa umehama kutoka mapipa matatu ukaenda kwenye ndoo sitini ambazo hakuna wa kuzisugua Jumamosi.

"Na wewe, muuzaji?" dada akauliza, labda kwa sababu karatasi moja ilibaki. "Wewe mwenyewe unakunywa. Maji ya eneo hili ni salama, au si salama?"

Kimya alifikiria majagi mawili mezani. Jana alikunywa la kwake, likamnukia. Leo asubuhi, kiu ikiwa kali, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye la shangazi, akanywa nusu kikombe ndipo akashtuka.

"Sijui," akasema.

"Hakuna kisanduku cha 'sijui'. Ni salama, au si salama."

"Naomba kuona."

Dada akampa ubao. Kimya akasoma kwa kidole, neno kwa neno, mpaka mwisho, na kweli hakikuwepo. Mteja mmoja akagonga ndoo yake chini kuonyesha kwamba anasubiri. Kimya akaishika kalamu, akachora kisanduku cha tatu chini ya vile viwili, pande nne, polepole ili zisipinde, akaweka alama ndani yake.

Kisha akarudisha ubao, akafungua koki.