Gari Lisilonuka

Mama alishuka kwenye gari Mamboya akiwa msafi, kitenge hakijaloa, kitambaa cha kichwa hakijasogea, na watu waliokuja kuzika walilishangaa jambo hilo kuliko walivyolishangaa gari lenyewe. Wanamjua. Kwa miaka tisa kila aliyeuliza Domina yuko wapi alijibiwa kwamba Domina hapandi gari, akipanda anatapika mpaka anazimia. Sasa huyo hapo, amesimama kwa miguu yake mwenyewe, saa tano asubuhi, mbele ya nyumba ya dada yake. Dada yake alikuwa ndani ya sanduku tayari.

Mdogo wangu Alex ndiye aliyeendesha. Alimshika Mama mkono, akampitisha taratibu katikati ya watu, na kina mama wakasema kijana huyu Mungu ampe maisha marefu. Mimi nilikuwa nyuma, nimebeba mkoba na chupa ya uji ambao hakuna aliyeunywa. Nilimpenda Alex siku ile, nisiwe mwongo. Nilidhani ni umeme uliotuangusha, na kwa umeme utamgombeza nani?

Lazima nianze na pua ya Mama, maana bila pua hiyo tusingekuwa na gari.

Miaka tisa kabla ya hapo, akirudi kutoka kumwona dada yake, hiace aliyopanda ilipinduka korongoni. Hakuvunjika hata kidole, ila alilala chini ya siti zaidi ya saa tatu, petroli ikimdondokea shingoni. Tangu hapo pua yake haikuwa pua ya mtu wa kawaida. Bodaboda ikipita barabarani, yeye yuko jikoni, anaweka mwiko chini. Jirani akijaza mafuta kwenye mashine ya kusaga, Mama anajua kabla mashine haijawashwa. Hapa kwetu Chanzuru alikwenda kila mahali kwa miguu au nyuma ya baiskeli, na Mamboya si mahali pa kwenda kwa baiskeli. Yeye na Mama Mkubwa Generoza wakabaki na simu. Kila jioni waliongea Kikaguru, wakicheka mambo ambayo hawakututafsiria.

Mwaka jana Mama Mkubwa alianza kuvimba miguu. Daktari alisema ni moyo. Binti yake, Irine, alinipigia akaniambia bila kuzunguka: kama Mama atakuja, aje mapema.

Habari ya umeme aliileta Alex. Ni kitindamimba wetu, dereva wa hoteli moja Mikumi, mwenye maneno laini kama maji ya mchele.

"Dada Vai," aliniambia, "Mama si alipanda treni ya umeme pale Kilosa mpaka Morogoro, kutibiwa macho? Alitapika?"

Hakutapika. Alikula karanga njia nzima, akaulizia kama tunaweza kurudi nayo hiyohiyo.

"Basi tatizo lake si safari, ni mafuta. Tununue gari la umeme mtupu."

Mimi nilitaka Noah iliyotumika, gari ambalo kila fundi wa Kilosa analijua mpaka utumbo. Nilimuuliza likizima njiani nani ataligusa. Nilimuuliza litaipandaje milima ya Mamboya. Nina mdomo, nakubali, na siku hiyo niliutumia wote. Alex alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Kwani gari hili tunamnunulia Mama, au unalitaka wewe la kuendea shuleni?" Wiki mbili baadaye niliuza kiwanja changu cha Ilonga, nilichokuwa nimeshakichimbia msingi.

Tulikwenda Morogoro kuchagua, watatu, kwa treni. Muuza magari alitoa karatasi zake, akaanza kusoma ukubwa wa injini. Mama hakumsikiliza. Alifungua mlango wa gari la kwanza, akaketi, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. "Hapana," akasema, akashuka. La pili likawa la nusu umeme nusu petroli, na muuzaji akaapa kwamba harufu ya petroli yake haisikiki hata kidogo. Mama hakuketi hata sekunde tano. La tatu alisema lilibeba samaki, na yule kijana akatazama chini, akakiri kwamba mwenye nalo alikuwa na biashara ya sato.

Mwisho kabisa, ukutani, kulikuwa na gari dogo jeupe la umeme, siti tano, limetoka Japani. Kwa chaji moja lingefika kama kilomita mia mbili. Mama aliketi mbele. Alivuta pumzi, akakaa nayo, akavuta nyingine. Nilimwona machozi yakimtoka chini ya kope zilizofumbwa.

"Halina kitu," alisema. "Twendeni nalo."

Huo ndio ulikuwa uchaguzi wetu wa gari. Hatukuangalia tairi wala redio.

Hapo ndipo nilipoanza kuchezewa shere, nami sina habari. Alex alisema gari likae kwake Mikumi kwanza, kwa sababu hotelini wana umeme mzuri wa kuchajia. Tena akasema betri haipelekwi mlimani ghafla, lazima izoezwe tambarare kwanza, kidogo kidogo, kama unavyomzoesha dume la ng'ombe jembe kabla ya kumpeleka kwenye shamba la mawe. Sisi wenye ng'ombe wa kulimia tulilielewa hilo vizuri mno. Mama alitikisa kichwa kwa busara. Na mimi, mwalimu wa sayansi darasa la sita, nimefundisha mkondo wa umeme kwa miaka kumi na minne, nikaamini kwamba betri ina ukaidi wa maksai. Mpaka leo nikiingia darasani na mada hiyo naona aibu.

Basi kila Jumapili alikuja na gari, akampeleka Mama kanisani Kilosa, akarudi nalo Mikumi. Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tano. Mama alikaa mbele na Biblia mapajani, kioo kimeshushwa hata kukiwa na baridi. Nilidhani anapenda upepo. Simu za jioni na Mama Mkubwa zilikuwa zinafupika, maana pumzi ya mgonjwa ilikuwa inakatika, na mimi kila wiki nilimuuliza Alex kama betri imekomaa.

Hatimaye tukapanga Jumamosi. Alex aje Ijumaa jioni, gari lichajiwe kwetu usiku kucha, asubuhi tuondoke. Niliongea na Mama Mkubwa mwenyewe.

"Shikamoo Mama Mkubwa. Jumamosi tunakuja, na Mama."

"Marahaba mwanangu." Alipumzika kwanza. "Domina mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kwenye kiti cha mbele."

Ijumaa jioni Alex hakutokea. Jumamosi saa moja asubuhi akanipigia: umeme umekatika Mikumi tangu jana mchana, gari lina chaji ya kufika Kilosa tu, tuvumilie mpaka Jumapili. Nilifoka mpaka jirani akachungulia. Kisha nikampigia Mama Mkubwa. Mama alikuwa pembeni yangu kwenye mkeka, anachambua mchele. Nikasema umeme umekatika, Mama Mkubwa, tusamehe, ukirudi tu tunakuja. Mama alisikia kila neno. Aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa nje.

Mama Mkubwa alifariki Jumapili alfajiri.

Pale msibani, baada ya kuzika, Irine alinivuta nyuma ya jiko. Hakuwa na ubaya, alitaka tu nijue. Jumamosi ile mama yake aliamka akaomba kuogeshwa. Akachagua mwenyewe kitenge, kile cha harusi ya Irine, akataka kiti kitolewe nje, mahali anapoiona barabara. Alikataa kula, akisema atakula na mdogo wake. Nilipopiga simu ile ya asubuhi, alikuwa kitini tayari.

"Tukamwambia, Mama, turudi ndani, hawaji leo," Irine alisema. "Akasema, umeme ukirudi watakuja. Kila gari likisikika anasema nyamazeni. Baadaye akakumbuka, akasema hilo lao halina mlio, msisikilize, tazameni."

Akatazama mpaka magharibi, wakambeba.

Nililia siku ile kwa sababu ya umeme. Nilishuka mlima nikiwalaani watu wa umeme, Alex akiitikia, na kioo cha dashibodi kikionyesha chaji inavyorudi kidogo kidogo kwenye mteremko. Mama alikitazama kioo hicho njia nzima.

Jumatano, mwalimu mwenzangu Peter alikuja nyumbani kunipa pole. Jumamosi ile alikuwa amepeleka darasa la saba kutembelea mbuga ya Mikumi. Tulikunywa chai. Alinisifia Mamboya, akasema ardhi nzuri ile, kisha akakumbuka.

"Lakini Mwalimu, gari lenu ni zuri kweli. Nimeliona mbugani. Tembo wanavuka, lenyewe limesimama katikati yao, kimya, hata sikio hawakutikisa. Basi letu lilipofika wakakimbia wote. Yule mama wa kizungu aliyekuwa kiti cha mbele analia kwa furaha, Alex anampa kitambaa."

Nilimuuliza ni gari lipi. Akanitajia namba. Ni mwalimu wa hesabu, namba hazimpiti.

"Umeme ulikuwepo Mikumi Jumamosi?"

"Ulikuwepo siku nzima. Tuliwanywesha watoto soda za baridi."

Nilimsindikiza Peter mpaka barabarani na kumshukuru. Sikuwa na hasira bado. Kichwa kilikuwa kinapanga vitu kimoja kimoja: umeme mzuri wa hotelini, betri inayozoezwa, tairi ambazo zilikuja kila Jumapili na vumbi jekundu. Alex hakuchagua gari lisilonuka. Alichagua gari lisilotisha wanyama. Alikuwa na wageni wake tangu mwanzo, na akachukua pua ya Mama akaifanya kisingizio, akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nikauza kiwanja.

Nilimpigia. Hakubisha. Alisema wageni wale walishalipia, hoteli ingemfukuza, siku moja tu, nani angejua. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Akasikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Dada," akasema, "Mama anajua."

Nilimkuta Mama uani anaanua nguo za msiba. Nilimweleza yote, tembo, mzungu, soda. Nilitaka aketi. Nilitaka aniulize mara mbilimbili kama nina hakika. Aliendelea kukunja.

"Wageni hao wanajipaka mafuta ya kufukuza mbu," alisema. "Yananukia limau. Niliyasikia Jumapili ya pili."

Kioo kilichoshushwa kwenye baridi. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma Jumapili zote hizo, nikifurahi kwamba Mama anapenda upepo.

"Ukanyamaza."

"Ningesema ungemnyang'anya. Wewe una kazi ya serikali, Vaileth. Yeye ana nini?"

"Na Jumamosi?"

Hapo mikono yake ilisimama. Alishika shuka, ncha mbili huku na mbili zikining'inia, akinitazama kana kwamba ananisubiri nishike upande wa pili, kama tunavyofanya siku zote. Sikushika.

"Alinipigia Ijumaa mchana," Mama alisema. "Akanililia. Nikamwambia nenda. Dada amenisubiri miaka tisa, nikaona siku moja haitamshinda."

Kwa hiyo alikuwa anajua. Alipokaa kwenye mkeka ule akichambua mchele, akinisikia namdanganya dada yake kwa sauti yangu mwenyewe, na simu yangu mwenyewe, alikuwa anajua. Alex aliniumiza, lakini Alex nilimlea, najua alipopinda. Mama ndiye aliyenivunja. Alikuwa na watoto wawili na dada mmoja, akatuweka kwenye mizani, na sisi wengine wawili kwa pamoja hatukumfikia Alex uzito.

Alilikunja shuka lile peke yake, vibaya, akaingia ndani.

Jumapili iliyofuata Alex alikuja kama kawaida. Hatukulisikia gari likiingia, tuliliona tu lipo uani. Alinisalimia, "Shikamoo dada," nami nikamwitikia, maana salamu hainyimwi mtu. Mama alitoka na Biblia yake, amevaa nguo nyeusi za msiba. Nilijisogeza mpaka karibu na mlango wa gari. Nilikuwa na neno moja tu la kweli nililotaka kulisikia kutoka kwa Mama, na nilijiambia akilisema nitayameza yote, kiwanja, simu, mchele.

Alifungua mlango wa mbele, akaketi. Alifumba macho, akavuta pumzi ndefu kama siku ile Morogoro. Limau lilikuwa zito, lilinipata hata mimi niliyesimama nje, mwenye pua ya kawaida.

Mama akafumbua macho, akamtazama mwanawe.

"Halina kitu," alisema, akavuta mkanda. "Twende, tutachelewa."

Alex alinifungulia mlango wa nyuma. Nilimwambia atangulie, mimi nitatembea.