Msomaji wa Banda la Kuku

Mimi Bevan Pascoe nimepiga chapa miaka arobaini na moja: gazeti la bonde letu la Huon, kadi za harusi, ratiba za kanisa, karatasi za kubandika kwenye masanduku ya tufaha. Kwa hiyo asije mtu akanifundisha kitabu ni nini. Kitabu kina mgongo. Kitabu kinanukia. Kitabu ukimrushia mtu kinamuumiza. Hayo niliyasema Jumanne moja katika karakana ya wazee pale Cygnet, tunakokutana wastaafu kutengeneza viti vibovu na kuharibu vizima, na laiti ningeishia hapo.

Sikuishia. Clarrie Tatnell, ambaye kazi yake tangu tukiwa shule ni kunichokoza, aliacha msumeno akasema, "Sasa bwana, mkeo si katoa kitabu wiki iliyopita? Cha kusomea kwenye kile kibao?"

"Kile si kitabu," nikasema. "Yale ni maandishi yaliyokosa pa kulala. Siku mkinikuta nasoma kwenye kishikwambi, nitavaa ile aproni ya mkeo yenye maua, niwapikie chai humu ndani mwaka mzima."

Clarrie, mshenzi yule, akachukua chaki akayaandika maneno yangu ukutani pamoja na tarehe. Wazee wakapiga makofi. Nilipogeuka nimpe tusi la kumtosha nikamwona Nerida, mke wangu, kasimama mlangoni na sinia la skonzi.

"Kuleni zingali moto," akasema, akaliweka sinia kwenye benchi, akaenda zake.

Nerida si mtu wa kunyamaza. Nimeshagombezwa kwa sababu ya matope, kwa sababu ya redio, kwa sababu ya kupumua vibaya wakati wa sala. Siku ile nilirudi nyumbani nimejiandaa kabisa, na hakunigombeza. Akaniuliza kama nataka viazi. Hapo nikajua nimeharibu.

Kitabu chenyewe alikiandika miaka mitatu kwenye meza ya jikoni. Alikipeleka kwa wachapishaji wa Melbourne na Sydney. Watatu hawakujibu, wa nne alimtakia kila la heri. Basi binti wa maktaba akamwonyesha njia nyingine: unapakia maandishi, unachagua picha ya jalada, unabonyeza. Asubuhi yake kilikuwa kinauzwa.

"Dunia nzima, Bevan!" akaniambia, mikono kifuani.

Mimi nikamuuliza prufu, ile nakala ya kusakia makosa, imesomwa na nani. Mungu anisamehe, ndilo neno la kwanza lililonitoka. Kisha nikamwambia akichape kwenye karatasi kama watu, ndipo nitakisoma.

"Miaka yote umesoma matangazo ya mbolea ya watu," akasema, "changu mimi mpaka kiote mgongo."

Sasa kampuni za vitabu pepe zina mambo. Kila asubuhi zinamwonyesha mwandishi jana zimesomwa kurasa ngapi. Enzi zetu kitabu kikishatoka kimetoka, kama kimesomwa au kimeegemeshewa mlango hujui, na unalala. Nerida alikuwa anafungua kompyuta kabla hata ya kuvaa ndara. Sifuri. Anaifunga, anapaka siagi mkate, ananiuliza nataka yai la kukaanga au la kuchemsha. Wiki tatu, sifuri. Roho iliniuma.

Jumatatu nikamwambia naenda mjini Hobart kwa daktari wa macho. Nikaenda kununua kishikwambi.

"Babu, unataka chenye taa ndani?" binti wa dukani akaniuliza.

"Nataka chenye kuingia kwenye pipa la chakula cha kuku," nikamjibu. Hakucheka. Alinipimia kimoja.

Basi ikawa kila alasiri naenda bandani kulisha kuku, nakaa kwenye ndoo, nasoma. Siku ya kwanza kurasa kumi na moja. Na nitasema ukweli hata kama unanichoma: kile kibao kinakuza herufi mpaka unasoma bila miwani. Nilikuwa sijasoma bila miwani tangu nikiwa na nywele. Ukweli wa pili unachoma zaidi. Kitabu kilikuwa kizuri. Kilikuwa cha msichana anayefanya kazi katika ghala la kupangia tufaha, na mwanamke niliyelala naye miaka yote hii alikuwa na maneno ambayo sikuwahi kuyasikia mezani.

Asubuhi ya pili nyumba ikatikisika.

"Bevan! Mtu kasoma! Kurasa kumi na moja!"

"Labda kabonyeza kwa bahati mbaya," nikasema, uso ndani ya kikombe.

"Mara kumi na moja? Toka hapa!"

Akampa jina. Akamwita Mgeni. Kesho yake Mgeni kasoma kumi na tatu, keshokutwa kumi na tano, na Nerida akaanza kuimba jikoni. Kila kifungua kinywa ilikuwa habari za Mgeni. Alishaamua ni mgane wa Nyuzilandi, mrefu, mpole, ana bustani.

"Mtu kama huyo ana subira," akasema. "Anasoma kidogo kidogo, anatafakari. Si kama wanaume wengine."

"Bustani gani, na anashinda anasoma?" nikasema. Nikajikuta nina wivu. Wivu wa nani? Wangu mwenyewe! Nikamchukia yule mgane na bustani yake kwa moyo wote.

"Na wewe siku hizi kuku wanakula saa nzima?" akaniuliza.

"Wanatafuna polepole."

"Hawana meno, Bevan."

Ningeweza kusema palepale. Lakini nikifikiria ule ukuta wa Clarrie na ile aproni, mdomo unajifunga.

Halafu nikaanza kuona makosa. Mtu ukishasoma prufu miaka arobaini na moja, mkono haukubali kupita kosa hivi hivi. Nikagundua ukibonyeza neno ukalishikilia, kinafunguka kidirisha: Ripoti kosa. Nikafurahi kweli. Nikasema kumbe hawa watu ni watu, wana chumba cha prufu kama sisi, na mzee fulani mwenye kalamu nyekundu sikioni atapokea, atapima, atasahihisha kimyakimya. Nikamwandikia: Ukurasa wa 31, tufaha za Geeveston Fanny huchumwa Machi, si Mei. Ukurasa wa 58, mashine ya chapa hainong'oni, inatia watu uziwi. Nilimwandikia kama fundi kwa fundi.

Siku ya kumi nikafika kwenye dansi.

Dansi ni katika ukumbi wa mji, mwaka sabini na tano, mwisho wa mavuno. Msichana kavaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe. Kuna kijana, mwanagenzi wa mpiga chapa, wamecheza mara tatu. Kabla ya muziki wa mwisho kijana anamshika mikono, anaitazama, mikono iliyopasuka kwa masanduku ya mbao msimu mzima. Kisha anaiachia, anarudi nyuma, anatoka mlangoni bila neno. Msichana anabaki kando ya birika la chai, kaficha mikono nyuma ya gauni. Imeandikwa kwamba tangu siku hiyo hakumpa mtu mkono bila kufikiria kwanza.

Nilikifunga kibao. Kuku walikuwa wananidonoa viatu na sikuwafukuza.

Yule kijana ni mimi. Gauni nalikumbuka mpaka vifungo. Tulikutana tena miaka miwili baadaye, tukaoana, tukalea watoto wawili, na ule usiku hatukuwahi kuutaja hata mara moja. Mimi nilidhani kausahau. Nilimshukuru Mungu kwamba kausahau!

Sikusoma tena siku hiyo, wala iliyofuata, wala ya tatu. Kila nikiinua kifuniko cha pipa nasikia aibu, nachota mahindi, natoka.

Jumapili asubuhi Nerida alikuwa ameikodolea macho kompyuta na mkate wake umepoa.

"Mgeni kaacha," akasema. "Kafika kwenye dansi, kaacha."

"Labda anaumwa. Wagane wanaumwaumwa."

"Haumwi." Alisema taratibu, bila kunitazama. "Kaona pale, hakupenda. Basi. Kesho nakifuta. Binti wa maktaba kanionyesha, ni kubonyeza mara moja tu."

Kitabu cha karatasi ukitaka kukifuta utafute kila nakala, uchome, na bado moja itakuja kuonekana kwenye choo cha mtu. Hiki miaka mitatu ya meza ya jikoni inaondoka kwa kidole kimoja, kabla chai haijapoa. Na mwenye makosa ni mimi, mara mbili: kule dansini na huku bandani.

Nikaenda bandani saa nane mchana. Nikabonyeza ule mstari wa kijana kutoka mlangoni, nikaushikilia, nikamwandikia yule mzee wa kalamu nyekundu. Naomba, nilimwandikia, hili lisahihishwe leo, nitakueleza kwa nini. Kijana hakuondoka kwa ajili ya mikono. Suruali ilikuwa ya kaka yake, ndogo. Alipoinama kumbusu msichana mikono, ilipasuka nyuma yote, kutoka mkanda hadi chini. Ndiyo maana alirudi kinyumenyume. Alitembea nyumbani maili nne ameshikilia koti nyuma, analia kama mtoto. Miaka miwili hakuthubutu kukatiza mbele ya lile ghala. Ile mikono ilikuwa mizuri. Nina ushahidi.

Nikatuma. Kisha nikakisoma kitabu mpaka mwisho, kurasa mia na ishirini, makalio yakafa ganzi kwenye ndoo. Kuku walilala na njaa, nao wana haki ya kunidai.

Jumatatu nilikaa mezani kama mshtakiwa. Nerida akafungua kompyuta. Akasoma. Akaweka mkono mdomoni, mabega yakaanza kutikisika, na sikujua analia au anacheka. Akanyanyuka akaibeba kompyuta mpaka chumbani, akafunga mlango. Nikasikia anaandika. Aliandika mpaka mchana, na mimi sikuitwa kula.

Nikaenda kwa kuku, ningeenda wapi? Nikafungua pipa. Kibao kilikuwa kimewaka chenyewe: Kitabu hiki kina toleo jipya. Mimi ni mpiga chapa. Kitabu kubadilika ndani ya pipa la mahindi, kikiwa kimefungwa, hilo ningelishuhudia mahakamani nisingeaminiwa. Nikafungua kwenye dansi. Kijana anatoka kinyumenyume, mgongo ukutani, amejikinga kwa sinia la chai, na msichana hajaficha mikono, ameishika mdomoni kuzuia kicheko. Nikarudi ukurasa wa kwanza kabisa. Palikuwa na mistari ambayo haikuwepo.

Kwa msomaji wangu mmoja, aliye kwenye banda la kuku. Chai iko mezani. Aproni nimeshaiazima.

Nilimkuta jikoni, ile aproni ya maua iko juu ya kiti changu.

"Yule mzee wa prufu kakuletea barua yangu!" nikasema.

"Mzee gani? Hakuna mzee, Bevan. Ripoti za makosa zinakuja kwangu moja kwa moja. Nilijua tangu tufaha. Nani mwingine duniani atagombana na kitabu kwa ajili ya Geeveston Fanny?"

"Na yule mgane wa Nyuzilandi?"

"Nilitaka ukonde kwa wivu kidogo." Akacheka mpaka akajifuta macho.

"Kwa hiyo na lile la kufuta ulikuwa unanitisha."

Kicheko kikamkauka. "Lile lilikuwa la kweli. Nilikuwa najua ni wewe unayesoma. Ulipofika kwenye dansi ukaacha, nikasema basi, ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa mikono."

Nikamshika ile mikono. Ilikuwa na unga. "Ilikuwa suruali, Nerida."

"Miaka arobaini na minane!" Akanipiga ngumi ya kifua, na haikuwa ya mchezo. "Ulishindwa kufungua kinywa useme suruali?"

Nilishindwa, ndiyo.

Jumanne niliingia karakana na aproni ya maua, nikaweka birika motoni. Kelele zilizopigwa sitaziandika. Clarrie alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa mkono wenye vumbi la mbao. Nikasubiri mpaka Nerida naye amefika mlangoni na skonzi zake, nikampa Clarrie chaki.

"Chini ya yale maneno yangu," nikamwambia, "andika: Ilikuwa suruali."

"Suruali gani tena, bwana?"

"Andika. Halafu kasome kitabu cha mke wangu."

Akaandika, na tarehe nikamtajia mimi, ya mwaka sabini na tano.