Boriti ya Saiprasi

Apolot alikuwa akipangusa bawa la ndege ambayo kaka yake alijitengenezea, alipouona mstari. Ulikuwa mwembamba kama unywele, umekatiza kwa upana nyuzi za boriti, ubao mrefu uliolishikilia bawa.

Boriti ile aliichagua yeye. Kaka yake, Omagor, fundi wa malori pale Malaba, alikuwa amesoma kwamba ndege ndogo hujengwa kwa mbao za mti wa sprusi, ambao huku haupatikani. Apolot, seremala wa Angurai, akajaribu mingine. Mkaratusi ulikuwa mzito mno, grevilea ikajipinda ilipokauka. Akachukua saiprasi, nyepesi na iliyonyooka, akamhakikishia kaka yake kuwa itambeba. Sasa akakumbuka muuzaji alivyosema mti uliangushwa na dhoruba.

"Omagor, njoo uone."

Akaja akifuta grisi mikononi, akainama. "Hiyo ni alama ya randa tu."

"Randa haikati hivyo. Mti uliumia ndani. Ukiruka nayo, boriti itavunjika."

"Dada, watu washajaa uwanjani kuniona nikiruka. Si wewe uliniambia hii mbao ni nzuri?"

"Niliamini hivyo. Sasa naogopa."

"Basi niogopee na mimi," akasema, akaenda uwanjani kuwaondoa watoto njiani.

Apolot alibaki pale. Kila alipofumba macho alimwona Omagor juu ya mabati ya soko, bawa likijikunja. Akachukua msumeno. Akakata boriti upande huu wa mstari, kisha upande ule, mpaka bawa likalala chini.

Omagor aliporudi alilikuta bawa chini. "Umenimaliza, Apolot."

Apolot akamsogezea kile kipande chenye mstari. Omagor akakilaza juu ya mawe mawili, akakikanyaga kwa hasira. Kikakatika palepale kwenye mstari, kama biskuti.

Omagor akatazama bawa la pili. "Na hili?"

"Ni mti huohuo."

Omagor akaketi chini, mikono kichwani. Apolot akashika njia ya uwanjani kuwaambia watu warudi nyumbani. Alikuwa hajafika mbali alipokumbuka mbao za mti ule zilizobaki. Alizitumia kutengeneza ngazi ya kanisa, na leo mafundi walikuwa juu yake wakipaka dari rangi.

Akaanza kukimbia.