Ndama wa Bihogo

Mgeni alisimama mlangoni, fimbo begani, matope ya milima ya Rurambo yamekauka kwenye buti zake. Hakuingia. Kwenye kizingiti walikuwa wamepangwa ng'ombe saba waliochongwa kwa kandambili kuukuu, pembe zao za waya, na mfugaji haruki ng'ombe.

"Mwenye kundi, nipe njia," alimwambia Ihirwe, binti wa miaka sita.

"Pitia huku kwenye majani," akajibu Ihirwe, akasogeza mmoja tu.

Rwabuhihi, baba yake, alicheka. Yeye ndiye aliyewachonga wote, mmoja kwa kila ng'ombe waliyemwacha mlimani, tangu waliposhuka hapa Mulongwe. Mkewe, Béatrice, alirudi mlimani kumuuguza mama yake, njia ikafungwa nyuma yake. Huu ulikuwa mwezi wa nane tangu aondoke.

"Minye ni Hatungimana," alisema mgeni. "Béatrice iko muzima. Lakini njia haijafunguka. Anasema Bihogo amezaa. Ndama jike, rangi ya kahawa mwili wote, sawa mama yake."

Ihirwe aliruka. "Baba! Ulisema!"

Kweli alisema. Kila ndama atakayezaliwa kule juu atazaliwa na hapa pia, siku watakayopata habari zake, ili Béatrice atakaporudi akute mtoto wake analijua kundi lote.

"Kandambili ya kahawia haiko tena, mwanangu. Iliishia kwa Bihogo."

"Basi fanya wa buluu," alisema Hatungimana.

"Weye papa, umeshaona ng'ombe wa buluu?" Rwabuhihi alimuuliza.

"Labda kule Bujumbura."

Ihirwe hakucheka. Alimtazama baba yake tu.

Rwabuhihi akavuta sanduku lililokuwa chini ya kitanda. Akatoa viatu vya ngozi vya kahawia, ambavyo Béatrice alimnunulia kwa ajili ya harusi. Tangu mkewe aondoke hakuvivaa hata kanisani. Kila Jumamosi alivipaka rangi, akivitunzia siku ya kwenda kumpokea.

"Hapana, ndugu yangu," Hatungimana alisema polepole. "Utamupokea na nini?"

"Na miguu."

Kisu kilikwama kwanza, kisha ngozi ikakubali. Akakata masikio, akakunja magoti manne membamba. Katikati alitua mara moja, akainusa ngozi, akaendelea.

Jua lilikuwa bado halijashuka nyuma ya mlima ndama aliposimama chini ya tumbo la Bihogo.

"Anaitwa nani?" Ihirwe aliuliza.

"Hiyo tumuachie mama yako," alisema Rwabuhihi.